Mabao ya Bwerere

Kaka yangu Ambrose alikuwa mrushaji bora wa besiboli kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya Rosenau, na Rosenau ilikuwa timu mbovu kuliko zote katika mkoa wetu. Mambo hayo mawili yaliishi pamoja miaka ishirini bila kupatana. Ambrose akirusha mpira, mpigaji anaugusa kwa ncha ya gongo, mpira unabingirika taratibu kuelekea kwa binamu yetu Linus, na Linus anainama, anautazama, anausindikiza kwa macho ukipita katikati ya miguu yake. Watu wanakimbia vituo, bao linaingia, Jumapili inaharibika. Kesho yake Linus anapeleka maziwa kiwandani kama kawaida, wala haoni haya.

Mtu angesoma matokeo tu, angesema Ambrose Thielen ni wa kufungwa kila wiki. Ndiyo maana nawaheshimu sana wazee waliobuni hesabu ya besiboli, ingawa sijui walikuwa kina nani. Walijua kwamba mtu hodari anaweza kuangukia katikati ya wazembe, wakaweka sheria ya kumtoa humo. Bao ambalo wapigaji wamelipata kwa nguvu ya gongo lao linaandikwa kwenye hesabu ya mrushaji. Sisi tunaliita bao la jasho. Lakini bao ambalo lisingeingia kama walinzi wangefanya kazi yao, kama Linus angebana miguu yake, hilo ni bao la bwerere. Timu imefungwa, hilo halina ubishi, ila mrushaji halimhusu.

Na namna ya kuyatenganisha ndiyo inayonifurahisha mpaka leo. Mwandishi wa mchezo anarudi mwanzo wa zamu, analitoa kosa, kisha anaichezesha zamu upya kichwani kana kwamba Linus kaudaka mpira. Yule aliyekuwa kituo cha pili angefika wapi? Huyu aliyemfuata angepata hata nafasi ya kushika gongo? Wapigaji watatu wakishatolewa, zamu imekwisha. Kwa hiyo kama kosa limemwokoa yule ambaye angekuwa wa tatu, zamu ilipaswa kufia pale, na yote yaliyoingia baada yake ni ya bwerere, hata yawe kumi. Padri wetu alikuwa akisema kwamba hakuna hesabu iliyo ya Kikatoliki kuliko hiyo, na Rosenau sote tulikuwa Wakatoliki, kwa hiyo tulimwamini.

Shida yetu ilikuwa moja. Mwandishi wa Rosenau alikuwa wifi yangu Leona, mke wa Ambrose.

Tulikaa pamoja kwenye kibanda cha mbao nyuma ya mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mpigaji, mimi na spika yangu ya kutangazia, yeye na penseli yake. Mwandishi wa timu ngeni naye hukaa meza hiyohiyo, anaandika daftari lake na kutia neno akitaka, ila neno la mwisho ni la mwenyeji. Sijapata kuona mtu anayeutazama mchezo kama Leona. Hakushangilia, hakula, hakuzungumza. Mwezi wa Agosti jua linachoma mpaka mahindi ya nyuma ya uzio yanajikunja, sisi wengine tunajipepea kwa vifuniko vya maboksi, yeye kifungo cha shingoni kimefungwa. Mpira ukipigwa hakuufuata mpira kama sisi. Aliitazama miguu ya watu. Kisha anaandika, na ukimuuliza kilichotokea, anakusimulia kila mmoja alikuwa amesimama wapi.

Lakini alikuwa akinitia hasira. Palipokuwa na shaka kidogo tu, kama ni kosa la mlinzi au ni pigo safi, Leona alisema pigo safi. Na pigo safi maana yake jasho, na jasho maana yake Ambrose.

"Wifi," nilimwambia siku moja, "mpira umempiga Linus kifuani, ukamwangukia miguuni, akaanza kuutafuta mfukoni. Hilo ni pigo safi?"

"Ulikuja kwa kasi."

"Kwa kasi! Mtoto wangu anarusha chapati kwa kasi kuliko ule. Kwani wewe huyu si mume wako?"

"Mume ni nyumbani," akasema bila kuinua macho. "Hapa ni mrushaji. Mtangaze anayefuata."

Nilijua hayo yalianzia wapi. Mwaka wa kwanza alioshika penseli, walipocheza ugenini, mlevi mmoja alisimama kwenye majukwaa akapiga kelele mbele ya mji mzima: "Ambrose anafutiwa mabao kitandani!" Watu walicheka sana. Leona alikuwa bibi harusi wa miezi michache. Alimaliza kuandika, akafunga daftari, akapanda gari, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeweza kusema tena kwamba Leona Thielen anampendelea mumewe. Mimi dada mtu ndiye niliyekuwa nasema kinyume chake.

Sasa, pale kwetu upo utaratibu ambao wageni huwa hawauamini wakisimuliwa. Timu inayoshinda mkoa inakwenda kwenye Mashindano ya Jimbo, na kabla ya kwenda inaruhusiwa kuchukua warushaji watatu kutoka timu zilizofungwa. Yaani leo nimekutoa, kesho nakuja kukuomba unisaidie, na wewe unavaa kofia ya mji ambao jana mlikuwa mnatukanana. Hakuna anayekataa. Kurusha mpira Jimbo, hata siku moja, ni jambo ambalo mwanamume anasimuliwa nalo mpaka mazishini. Ambrose alikuwa na miaka arobaini na mmoja na hajawahi kwenda. Timu yake isingeweza kumpeleka, maana timu yake ndiyo ile ya kina Linus. Njia ilikuwa kuchukuliwa, na meneja anayechagua hutazama namba moja: kwa mechi nzima, mtu huyu anaachia mabao ya jasho mangapi? Namba hiyo hutoka kwa mwandishi wa timu yake mwenyewe.

Mwaka huo bega lake lilikuwa limeanza kumsumbua. Usiku alikuwa akilikanda kwa mafuta ya farasi, nyumba nzima ikanuka zizi. Sote tulijua hapatakuwa na mwaka mwingine.

Mechi ya mwisho ya mkoa ilichezwa kwetu, dhidi ya Meierhof. Ajabu ya Mungu, mpaka zamu ya nane tulikuwa tunaongoza bao moja kwa sifuri. Ambrose alirusha siku ile kama mtu aliyeazimwa mkono mpya. Mpira ulikuwa unafika kwa mpigaji, unafikiria kidogo, kisha unazama. Hata Linus alidaka miwili, na wa pili aliubusu.

Mwandishi wa Meierhof alikuwa Mzee Alphonse Gertken, mtu mwenye nyusi nene na maneno mengi, ambaye alikuwa ameandika besiboli tangu enzi za mikokoteni. Alimtazama Ambrose akimtoa mpigaji wa pili wa zamu ile, akatikisa kichwa. "Huyu mtu," akasema, "sijui anafanya nini huku Rosenau. Samahani, Delphine."

"Usiombe samahani, Mzee. Hata sisi tunajiuliza."

Wawili walikuwa wametolewa. Mwenzao mmoja alikuwa amesimama kituo cha kwanza, kwa pigo safi lisilo na ubishi. Akaingia Elmer, muuza nyama wa Meierhof, mtu mnene mwenye moyo mzuri. Ambrose akarusha, Elmer akaugusa kwa chini ya gongo, na mpira ukaanza kutambaa kwenye majani kuelekea upande wa kituo cha tatu. Ambrose akateremka kutoka kwenye kichuguu chake cha kurushia, akauokota kwa mkono mtupu, akageuka, akarusha kituo cha kwanza ili mpira umtangulie Elmer.

Ukapita juu ya kichwa cha mlinzi, juu ya uzio, ukaenda kugonga meza ya akina mama wanaouza soseji na kabichi. Sufuria ikalia. Yule aliyekuwa kituo cha kwanza akafika cha tatu, na Elmer, akihema, akasukumwa na kelele za watu mpaka cha pili. Ambrose alibaki ameinama, mikono magotini, anatazama majani.

"Pigo safi," Leona akasema, na penseli ikaanza kushuka.

"Ngoja!" Mzee Gertken akaweka kiganja juu ya ukurasa wake. "Leona, usiandike. Pigo safi la wapi?"

"Mpira ulikuwa unatambaa, Mzee. Hata angerusha sawasawa, mpigaji angekuwa amefika."

"Mpigaji gani? Elmer? Elmer huyu?" Mzee alikaribia kucheka. "Huyo ni mtoto wa dada yangu Rosalia. Nimemwona akiikimbia mvua kutoka zizini mpaka mlangoni. Alifika amelowa chapachapa, na mvua yenyewe ilikuwa imeshakatika."

"Mzee," nikamwambia, "wewe ni wa Meierhof. Unamnyima mpwa wako pigo?"

"Namnyima kabisa. Labda atakoma kula soseji sita kabla ya mchezo. Mpira umenyooka, ametolewa hatua tatu kabla hajagusa kituo. Ni kosa, na ni la mrushaji."

Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile. Adui anamtetea kaka yangu, mkewe anamkandamiza, na mimi nimekaa katikati na spika mkononi. Watu wote walikuwa wananitazama, wanangoja tangazo. Leona hakuondoa penseli, wala hakuandika.

Na wakati wao wanabishana, uwanjani mambo yaliendelea kuharibika. Mpigaji aliyefuata akapiga mpira mzuri katikati, wakaingia wawili. Aliyemfuata akaupiga ukavuka uzio, ukavuka mahindi mistari kadhaa, na hilo likaleta mawili mengine. Manne kwa moja. Ambrose akamtoa aliyefuata kwa mirusho mitatu, haraka na kwa hasira, kisha akatembea kwenda benchi bila kumtazama mtu yeyote. Linus alimpa maji. Ambrose akayashika tu.

Kibandani hesabu ilikuwa wazi kwetu sote watatu. Elmer akiandikwa pigo safi, mabao yote manne ni ya jasho, namba ya Ambrose inaruka juu, na safari ya Jimbo imekufa. Elmer akiandikwa kuwa aliokolewa na kosa, basi ndiye angekuwa wa tatu kutolewa, zamu ilipaswa kwisha, na yote manne ni ya bwerere.

"Andika, wifi," nikasema.

"Niandike nini?" Leona alinigeukia, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile niliona macho yake yana maji. "Aliyeutupa mpira ni nani? Si Linus. Ni yeye mwenyewe. Nimwandikie kosa, halafu kosa lake hilohilo limfutie mabao manne? Ameharibu mume, amesafisha mke. Watasemaje?"

"Hapo ndipo unapokosea," Mzee Gertken akasema, na safari hii hakutania. "Sheria haiulizi nani kaharibu. Inauliza kama wapigaji wangu wameyatolea jasho. Na hawakuyatolea, Mungu anajua. Mrushaji akishauachia mpira, naye ni mlinzi kama Linus, na akikosa amekosa kama Linus. Ataandikwa kosa, litasomwa kwenye spika, mji mzima usikie. Hiyo ndiyo adhabu yake. Ukimbebesha na mabao unamchapa mara mbili."

Leona aliinamia ukurasa.

"Na nikwambie jambo jingine, mama, kwa kuwa mimi ni mzee na sina cha kuogopa. Sisi waandishi wa mkoa huu tunakujua. Penye shaka, unamwandikia mumeo jasho. Kila mara. Unadhani huko ni kunyooka. Huko siko kunyooka, Leona. Ni kupinda upande wa pili."

Nilidhani atamfukuza kibandani. Alikuwa na haki hiyo, kile kilikuwa kibanda chetu. Badala yake alifumba macho. Akaweka kidole gumba juu ya meza, na kidole cha shahada pembeni yake, akaanza kuvisogeza polepole. Nilijua anafanya nini. Alikuwa anairudisha zamu. Gumba likateremka, likaokota, likageuka. Kidole kingine kikaanza kwenda kando ya ubao wa meza, kizito. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Akavirudisha vidole mwanzo, akaanza tena. Watu nje walikuwa wanapiga miluzi. Mtu akaita, "Delphine, umelala?"

Leona akafungua macho.

"Nimemrudisha Elmer mara mbili," akasema. "Zote mbili bado yuko njiani."

Akaandika. "Kosa la mrushaji. Mabao manne, yote bwerere. Tangaza."

Nikatangaza kosa la kaka yangu mbele ya miji miwili. Ng'ombe waliokuwa ng'ambo ya barabara waliinua vichwa. Ambrose kule benchi alisikia jina lake, akatikisa kichwa kukubali, akanywa yale maji.

Tulifungwa hivyohivyo, manne kwa moja. Meierhof wakabebana mabegani, Elmer wakamwinua watu wanne na wakamshusha haraka. Akina mama walikuwa wanagawa bia na viazi, na vumbi lilikuwa bado halijatulia Ambrose alipokuja dirishani kwetu, kofia mkononi.

"Leona," akasema. "Yale manne niandikie mimi."

"Hapana."

"Nimeutupa mwenyewe. Kila mtu kaona. Sitaki kwenda popote kwa mabao niliyojifutia."

"Umeandikwa kosa, na dada yako amelitangaza mpaka ng'ombe wamelisikia. Hujafutiwa kitu."

"Watu watasema..."

"Waseme," Leona akamkata. "Miaka yote nimewasikiliza wao. Wewe kazi yako ni kurusha, na leo kituo cha kwanza tu kimekushinda. Kuandika niachie mimi."

Ambrose alimtazama mkewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mimi nilijifanya nakunja waya wa spika.

Hapo ndipo alipofika Cletus Roske, meneja wa Meierhof, amelowa bia aliyomwagiwa, karatasi mkononi. Jioni ile ile alipaswa kupeleka majina matatu. Mawili alikuwa nayo. La tatu, kila mtu alijua, lilikuwa kati ya kaka yangu na kijana mmoja wa timu ya jirani, Duane Popp, wa miaka ishirini na mbili, mkono mzima, bega halinuki mafuta ya farasi.

"Mama Thielen, salaam. Nipe namba ya Ambrose."

Leona alikuwa ameshapiga hesabu. Akamsomea: mabao ya jasho mawili na nusu na kitu kidogo kwa kila mechi. Roske akaandika. Nilichungulia karatasi yake bila aibu yoyote, dada mtu hana aibu. Popp alikuwa na mawili na robo.

Hata na yale manne ya bwerere, bado tumepitwa. Nikayakumbuka yote: mpira uliompiga Linus kifuani, ule uliopita miguuni ukaitwa wa kasi, ule wa jua machoni, na ule wa siku ya ubatizo wa mtoto wangu, walipogongana wawili wakaachia ukaanguka kati yao. Nilifungua mdomo. Leona akanitangulia.

"Bwana Roske, usiondoke. Namba hiyo si ya haki."

Roske akasimama. Ambrose akageuka. Mzee Gertken, aliyekuwa akikusanya vitu vyake, akaketi tena taratibu.

"Ni kubwa kuliko inavyomstahili," Leona akasema. Alikuwa amenyooka, mikono juu ya meza, uso umemwiva. "Penye shaka nilikuwa namwandikia yeye, nisije nikasemwa. Nimefanya hivyo miaka yote. Sheria inaniruhusu kubadilisha ya siku hii tu. Ya zamani hayarudi. Kwa hiyo sina namba nyingine ya kukupa, na sikuombi kitu. Ila kosa ni langu, na leo ni siku ya kutangaza makosa."

Nimeishi na wifi yangu kwa mazuri na mabaya, nimemsema jikoni na kanisani, lakini pale nilitamani kumkumbatia mbele za watu. Mtu aliyejijengea heshima yake yote kwa kutosemwa, akaitoa mwenyewe, akaiweka mezani.

Roske alijikuna shingo. Kisha akaanza kucheka, si kwa dharau, kicheko cha mtu aliyechoka na kufurahi.

"Mama," akasema, "unajua nina namba za nani hapa? Huyu kaandikiwa na baba yake. Huyu na mchumba wake. Popp kaandikiwa na mama yake mzazi, mwanamke ambaye haamini kama mwanawe amewahi hata kupiga chafya vibaya. Zote hizi, nikizisoma, nazitoa chumvi kwanza. Ya kwenu ndiyo pekee mkoa mzima ambayo nikiisoma, najua mtu mwenyewe ni bora kuliko namba yake." Akamgeukia Ambrose. "Gertken ameniambia hivyo tangu mwaka juzi. Na leo nimesimama mbele yako zamu saba, sikuambulia kitu. Bega linasemaje?"

"Linalalamika," Ambrose akasema.

"Liambie livumilie wiki mbili. Jumamosi mazoezi, njoo na viatu vyako. Kofia tutakupa."

"Na Linus?"

"Linus abaki na maziwa," Roske akasema, akaandika jina.

Ambrose alivaa kofia yake ya Rosenau, akaivua, akaivaa tena. Halafu akaingiza mkono dirishani akaushika mkono wa Leona, ule wenye penseli, na wakakaa hivyo mpaka mimi nikaona ni afadhali nikaangalie habari za soseji.

Jimbo walimwingiza zamu ya sita. Uwanja ulikuwa mkubwa, majukwaa ya zege, taa juu ya nguzo, na mwandishi wao alikaa mbali juu, kwenye chumba cha vioo. Nusu ya Rosenau ilikuwepo, pamoja na Linus, aliyeajiri mtu wa kukamua ng'ombe ili aje. Leona alikaa kati yangu na Mzee Gertken, katikati ya watazamaji, kama mtu mwingine yeyote. Hakuwa na daftari. Mikono yake haikujua pa kwenda. Mara mapajani, mara shingoni, mwishowe akafungua kile kifungo cha juu.

Ambrose akapanda kichuguu na kofia ya Meierhof, akasimama kidogo, anatazama huku na huku. Akawatoa wawili wa mwanzo. Wa tatu akaupiga mpira chini, mwepesi, moja kwa moja kwa mlinzi wa Meierhof. Yule kijana akainama, akautazama, na mpira ukapita katikati ya miguu yake. Pembeni yangu Linus aliguna kama ndugu.

Kule juu kibao cha matokeo kikawaka taa. Pigo safi.

Leona akasimama. Nilidhani anataka kwenda msalani.

"Kosa!" akapiga kelele. "Hilo ni kosa! We mwandishi! Macho umeyaacha nyumbani? Mpira wa mtoto ule! Kosa, nakwambia, kosa!"

Majukwaa yote yaligeuka. Mimi nilishika tumbo nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Kule uwanjani Ambrose alikuwa ametulia na mpira mkononi. Kisha akageuza kichwa taratibu, akatutafuta kwa macho, na akatabasamu hivi, mdomo wazi, kama kijana. Miaka ishirini alikuwa akirusha mpira, na hakuwahi kuisikia sauti ile ikitoka majukwaani.

Leona aliketi, anahema, uso mwekundu. Taa ya pigo safi ilibaki palepale ikiwaka, bila aibu.

"Leona," Mzee Gertken akasema, "kumbe una sauti yote hiyo. Ulikuwa umeiweka wapi?"

"Nilikuwa kazini, Mzee," wifi yangu akajibu, na akasimama tena, maana mpigaji mwingine alikuwa anaingia.